Maoni Mafupi Baada ya Sinema ya Choo

Landrova ya sinema iliingia kijijini Mwabusiga alasiri moja ya kiangazi, wakati Nyanjige amekaa juu ya ngozi nje ya nyumba yake akikata viazi vya michembe. Alikuwa akikata vipande vyembamba, vya kukaushwa na jua na kuhifadhiwa mpaka mvua zije, na lundo lilikuwa limefika nusu. Gari likapita karibu, likamwaga vumbi juu ya vile alivyokwisha kuvianika. Nyanjige akavipuliza kidogo, akaendelea kukata. Pale kijijini walikuwa na utani kwamba vumbi la serikali huliwa hivyohivyo, kwa kuwa magari yote yaliyofika yalikuwa ya serikali.

Mwabusiga kilikuwa kijiji cha ujamaa, na nyumba zake zilipangwa kwa kamba, mstari kwa mstari, kama watoto wa shule kwenye gwaride. Karibu kila mtu alikuwa na jirani kulia na kushoto, amtake asimtake. Hakuna aliyepanda minyaa kuzunguka mji wake kama zamani, maana kipimo cha kiwanja hakikubakiza nafasi ya minyaa. Nyumba ya Nyanjige ilikuwa ya mwisho, jirani yake wa upande mmoja akiwa Milembe, na upande wa pili nyika. Alikuwa na watu kila mahali na alikuwa peke yake, na kwa kweli alikuwa mpweke kuliko alipokaa kule kwao, ambako jirani wa karibu alikuwa mwendo wa kuchosha.

Mwaka wa kuhamishwa, yeye alipanda lori la kwanza na kuku wake na vyungu vyake. Mumewe, Maganga, alimwambia atangulie. Mwenye mji haondoki kama mgeni. Lazima aingie ndani, kwenye kona yenye vibuyu vya wazee, awaage waliokufa na awaeleze mji unahamia wapi, wasije wakapotea. Akasema atakuja na lori la pili. Lori la pili lilikuja na vitanda vya watu na ndama wawili waliofungwa miguu, na Maganga hakuwemo. Aliyeshuka mwisho alikuwa Thomasi, kiongozi wa mgambo wakati ule, rafiki wa Maganga tangu ujana. Walicheza kundi moja la ngoma na kula chungu kimoja, na chungu chenyewe kilikuwa cha Nyanjige.

"Shemeji, sikumkuta," Thomasi alisema. "Nyumba ilikuwa tupu."

Baadaye maneno yakaanza. Maganga ameonekana Kalemela. Maganga amekuwa mvuvi. Maganga ana mwanamke mnene huko ziwani, na wanakula sato kila siku. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na hakuna aliyejua nani alikuwa wa kwanza kulisema. Thomasi akachaguliwa mwenyekiti wa kijiji. Nyanjige akabaki si mke na si mjane. Mjane hunyolewa, hukaliwa matanga, huletewa unga na maji. Mwanamke aliyekimbiwa huletewa ushauri tu, na Nyanjige alikuwa ameupata wa kutosha.

Shuka la sinema lilifungwa kwenye goli la uwanja wa shule. Mwenye mashine alikuwa Mustapha, kijana wa mwenye duka mmoja wa Bariadi, mpole, mwenye kofia ya kufuma na usingizi usiomwisha machoni. Kazi zake zilikuwa mbili: kuonyesha sinema, na baada ya sinema kukusanya maoni ya watazamaji kwa kipaza sauti, ili ofisi ijue kama wananchi wamependa. Kabla ya kuwasha jenereta aliwaeleza masharti yake.

"Maoni yawe mafupi, wazee wangu na mama zangu. Kipaza sauti kinakula betri, na betri hii ndiyo itakayoliwasha gari asubuhi. Mkihutubia, mtalisukuma."

Watu wakacheka, giza likaingia, mashine ikaanza kulia.

Sinema ilikuwa ya choo. Mzee mmoja mwenye kaptula alichimba choo, akakiezeka, akakifagia. Jirani yake akamcheka, hakuchimba, na watoto wa jirani wakaharisha. Nyuma ya choo kile, upande wa kushoto wa shuka, palikuwa na boma la minyaa, na ndani ya boma Maganga alikuwa akifunga ndama.

Nyanjige alimjua kwa bega. Bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto tangu alipoangushwa na fahali, na hata akiinama lilitangulia. Hakuangalia choo tena. Alihisi furaha, na furaha ile ilimuuma kifuani kama tonge kavu.

"Yule si Maganga?" Milembe alimnong'oneza.

"Ndiye."

"Ndama ni yule mwenye paji jeupe."

"Ndiye."

Wakaendelea kutazama. Mwenye macho haambiwi tazama, na uwanja mzima ulikuwa na macho. Sinema ilipokwisha, Mustapha akapita na kipaza sauti.

Mzee Salu, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, alipewa kwanza. "Choo ni kizuri," alisema. "Ila Maganga amekonda."

"Wimbo wa sinema mtamu," alisema Milembe. "Lakini Maganga hakututazama hata kidogo."

Lukresia, mke wa mwenyekiti, alisema watoto wale wangenawa mikono wasingeharisha, na kwamba ndama amefungwa vibaya. Thomasi akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Sinema inafundisha," alisema. "Mambo ya nyuma hayahusiki." Nyanjige alipofikiwa, alikitazama kile chuma, akakirudisha bila neno. Mustapha akasema hata kunyamaza ni maoni, tena hakumalizi betri.

Watu walipotawanyika Nyanjige alimfuata Mustapha, aliyekuwa akizungusha waya.

"Mwadila, mwanangu."

"Mwadila, mayu." Mustapha alikuwa amejifunza salamu za Kisukuma, na kwamba mama huitwa mayu, kwa ajili ya kazi.

"Yule wa nyuma ya choo yuko wapi?"

"Mama, mimi naonyesha tu, sijui. Lakini hutokea. Kule Mkula, kwenye sinema ya maziwa, hupita ng'ombe wote waliokufa njiani siku ya kuhama. Wenyewe huwaita kwa majina, wakimaliza wanatoa maoni kuhusu maziwa. Ofisini walidhani kasoro ni shuka. Wakanipa jipya. Ni vilevile."

"Utarudi lini?"

"Mwezi ujao. Nitaleta ya pamba."

Nyanjige akamwambia wabeja, asante, akaenda kulala. Kwa mara ya kwanza tangu kuhamishwa alikuwa na jambo la kungoja, na mtu mwenye jambo la kungoja hupata usingizi.

Mwezi ule wote kijiji kilizungumza sinema. Waliokuwa wakimwonea huruma sasa walimtazama kwa shauku. Kisimani walikubaliana kwamba mkanda wa pili bila shaka utamfikisha Maganga Kalemela, na mwanamke mnene ataonekana waziwazi. Milembe alikaanga karanga za kutazamia. Alimpa Nyanjige kikombe kizima, kwa sababu ya ujirani, na kwa sababu aliona haya kidogo.

Sinema ya pamba ilionyesha namna ya kunyunyizia dawa. Bwana shamba alibeba bomba mgongoni, akaeleza wadudu. Nyuma yake lori la kwanza lilikuwa linaondoka katika boma la minyaa. Juu ya lori Nyanjige aliona kisogo chake mwenyewe na khanga aliyoivaa siku ile, na kuku wameshikwa miguu. Alijiona hageuki. Maganga alisimama kwenye lango la zizi akilitazama lori mpaka vumbi likatua. Akainua mkono wa kuaga, na hapakuwa na wa kumpungia. Kisha akachukua kibuyu, akaingia ndani.

Nyanjige alilia pale uwanjani, waziwazi. Kwa miaka ile yote alikuwa amemkasirikia kwa kutokumuaga.

"Dawa inaonekana kali," ulikuwa mchango wa mzee Salu. "Lori lilikuwa jema lile."

"Khanga ya Nyanjige ilikuwa mpya," alisema Lukresia.

"Tumengoja Kalemela, hatukuiona," alisema Milembe. "Pengine mkanda ujao."

Thomasi alisema sinema inafundisha. Mustapha aliona mkono wa mwenyekiti una jasho, akakipangusa kipaza sauti kwa shati lake kabla ya kumpa mwingine.

Kabla ya sinema ya tatu mwenyekiti alitangaza kwamba uwanja wa shule utakuwa na shughuli nyingine. Ilipoulizwa ni shughuli gani, ikakosekana. Landrova ikaja, shuka likafungwa palepale. Thomasi akamfuata Mustapha penye mashine, akamwomba kwa sauti ya chini aonyeshe mbele tu, nyuma aache.

"Mwenyekiti, mkanda hauna mbele na nyuma," Mustapha alisema. "Ni mmoja."

Sinema ilikuwa ya elimu ya watu wazima. Mwalimu wa kike aliandika ubaoni, na wazee wenye mvi wakarudia baada yake wakifuata herufi kwa vidole. Nyuma ya ubao palikuwa ndani ya nyumba ya zamani ya Nyanjige. Ilionekana yote: kitanda cha ngozi, mtungi, nguzo ya kati iliyopinda, na kule mwisho kona ya vibuyu. Maganga alikuwa amepiga magoti. Alichukua kibuyu chenye maji yaliyotiwa unga mweupe, akajaza kinywa.

Watu wa Mwabusiga hawakuhitaji kuelezwa. Anayewaaga wazee huyashika maji yale kinywani mpaka amalize kuwataja wote moyoni, ndipo ayapulize upande wa mawio ya jua. Katikati ya hapo hasemi. Akiitwa haitiki, hata kama anayemwita ni baba yake mzazi. Akifungua kinywa mapema wazee hubaki nyuma na mji unaohamia huwa mji wa yatima. Hata mtoto mdogo akimkuta babu yake amevimbisha mashavu mbele ya vibuyu hukaa chini akangoja.

Kwenye shuka lori la pili lilikuwa limesimama nje, na bwana mmoja mgeni mwenye soksi ndefu alikuwa akitazama saa yake. Thomasi wa wakati ule, mwembamba, mwenye rungu, akaja mpaka mlangoni. Sauti ya nyuma haikusikika, iliyosikika ni ya mwalimu na wanafunzi wake. Lakini mdomo wake ulionekana, na kila mtu aliusoma. Aliita, nani yumo? Maganga akageuza kichwa. Mashavu yake yalikuwa yamevimba. Akainua mkono, kiganja wazi: ngoja kidogo.

Mlango ulikuwa nusu wazi. Thomasi aliuona mkono.

Ndipo mwenyekiti Thomasi, yule wa uwanjani, mnene, mwenye shati jeupe la mikutano, alipoinuka kutoka kiti cha mbele akaenda kusimama kati ya mashine na shuka. Kivuli chake kiliufunika ubao wote na nusu ya mwalimu. Lakini taa haina adabu, ilimpiga mgongoni, na yaliyobaki yakaonekana juu ya shati lake. Thomasi mwembamba aligeuka akamtazama bwana mwenye soksi, akaita kwa mdomo mpana kwamba hamna mtu. Akauvuta mlango. Akachukua mti wa lango la zizi, akaugongomeza kwa nje, kama inavyofanywa mbuzi wasirudi ndani. Askari mgambo wawili wakawasha nyasi za paa, ili yeyote asije akarudi kuishi pale. Mlango ukatikisika katikati ya mgongo wa mwenyekiti. Ukatikisika tena. Baadaye ukatulia.

"Mwenyekiti, kaa," mtu alisema kutoka nyuma. "Hatumwoni mwalimu."

Thomasi akarudi kwenye kiti chake. Mwalimu alikuwa amefika mwisho wa somo, na wazee wenye mvi wakampigia makofi.

Mustapha alipita na kipaza sauti kama kawaida. Mzee Salu alikishika muda mrefu kuliko masharti, akasema elimu haina mwisho, na kwamba mti wa zizi la Maganga ulikuwa mti mgumu, mninga, yeye mwenyewe alimsaidia kuubeba. Lukresia alisema mume wake ametoka vizuri kwenye picha, siku hizo alikuwa mwembamba. Milembe alisema Kalemela haikuwemo. Alisema mara mbili, sauti ikikatika: "Haikuwemo kabisa." Kisha akampa Nyanjige kipaza sauti bila kumtazama usoni.

"Hakunikimbia," Nyanjige alisema.

Neno lile lilitoka kwenye spika na kwenda mbali, mpaka mbwa wakabweka. Mustapha akamwinamia.

"Mama, ofisi inauliza kama sinema ilikuwa nzuri au mbaya."

Nyanjige akafikiri. "Nzuri," alisema.

Asubuhi, jua likiwa bado changa, alikwenda kwa mwenyekiti. Thomasi alikuwa akinywa uji nje, na alimkaribisha kiti kama anavyokaribishwa shemeji. Nyanjige hakuketi.

"Nimekuja kuomba mambo mawili," alisema. "Tangaza msiba wa rafiki yako, nikaliwe matanga kama watu. Na unipe ruhusa niende kule kwetu nikaokote mifupa, niizike ndani ya zizi. Mwenye mji huzikwa ndani ya zizi lake. Unajua."

Thomasi alikoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. "Shemeji, sinema si ushahidi. Sinema ni ya kuelimisha. Mimi nikitangaza msiba kwa sababu ya sinema, kesho mwingine ataona shangazi yake nyuma ya pamba. Kwa kijiji, Maganga ni mtoro. Na kule kwenu sasa ni shamba la pamba la kijiji, trekta lilipita. Hakuna zizi."

"Uliuona mkono."

"Niliona mengi siku ile," Thomasi alisema. "Nyumba zilikuwa nyingi, na bwana mkubwa alikuwa na haraka."

"Alikuwa anakuomba ungoje kidogo tu."

Thomasi akainua bakuli lake. Kinywa chake kilikuwa kimejaa uji, naye hakuumeza mpaka Nyanjige alipoondoka.

Nyanjige alinyoa nywele zake mwenyewe, kwa wembe, akiwa amekaa juu ya ile ngozi ya viazi. Kisogo hakukifikia vizuri, kikabaki na mabaka. Hakuna aliyekuja kukaa naye, kwa kuwa msiba usiotangazwa na mwenyekiti haukaliwi, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake shambani. Jioni Milembe alipita nyuma ya nyumba akaacha mtungi wa maji na unga kidogo kwenye ungo. Alisimama kitambo, akachukua wembe, akamalizia kisogo. Kisha akarudi kwake, kabla hajaonekana.

Tangu hapo mambo yale ya nyuma hayakwenda tena kipande kwa kipande. Sinema yoyote iliyokuja, iwe ya mbu, iwe ya maziwa ya mtoto, nyuma yake yalianza kwenye ndama na kuishia mlangoni. Watu wakayazoea. Watoto walijua wakati wa kwenda kukojoa bila kukosa kitu. Thomasi alichaguliwa tena uenyekiti kwa kura za wazi, na Nyanjige, ambaye mikono yote ilipoinuliwa alibaki na wa kwake mapajani, akahesabiwa kuwa hakusikia swali.

Mwaka uliofuata, kiangazi, Mustapha alirudi na mkanda wa choo. Nyanjige aliuacha mlo wake kwenye moto, akabeba kigoda, akaketi mbele kabisa, upande wa kushoto wa shuka, mahali ambapo mlango huwa. Mzee mwenye kaptula akachimba. Maganga akafunga ndama, akaliaga lori, akaingia ndani, akapiga magoti, akajaza kinywa. Alikuwa karibu naye kiasi cha kuweza kumfuta vumbi begani. Thomasi mwembamba akaja, akaweka mdomo mlangoni, akauliza nani yumo. Maganga akageuka na mashavu yake yaliyovimba, akainua mkono.

Nyanjige akasimama. Yeye hakuwa na maji kinywani.

"Yumo!" alijibu, kwa sauti ya kufika Kalemela. "Yumo ndani! Ngojeni kidogo!"

Hakuna aliyemsaidia kuitika. Thomasi wa kwenye shuka akageuka kwa bwana mwenye soksi, akasema hamna mtu, akauvuta mlango.

"Choo bado ni kizuri," alisema mzee Salu baada ya sinema.

"Tumeizoea," alisema Milembe, "ila mwisho bado unanikaba."

"Sinema haijibiwi," alisema mwenyekiti. "Watazamaji waombwe kutulia."

Mustapha akafika kwenye kigoda cha mwisho. Alimtazama Nyanjige, kichwa chake kilichonyolewa na mikono yake juu ya magoti, akamsogezea kipaza sauti mdomoni.

"Maoni mafupi, mayu."

"Yumo," Nyanjige alisema.

Mustapha akashukuru, akasema hayo ndiyo maoni mafupi kuliko yote aliyowahi kupokea. Akazima mashine, akazungusha waya, na asubuhi gari likawaka bila kusukumwa.